Tulienda Wagagai tukaishia Sasa

Mimi nauza mitumba hapa Mbale, mablanketi na majaketi, na safari yenyewe ilianzia ndani ya belo. Kuna siku tulikata belo la mchanganyiko tukakuta slipingi begi tatu, ile mifuko ya kulalia, na hema moja la rangi ya machungwa, safi kabisa, hata harufu ya dawa haikuwa kali. Kawaida vitu vya aina hiyo havilali kwangu, wazazi wenye watoto wa boding wanavibeba siku hiyo hiyo. Lakini jirani yangu wa soko, mama mmoja anauza viatu, akazishika akazigeuza, akaniambia dada, huu mlima tunauamkia kila siku, wazungu wanapanda ndege kuja kuupanda, sisi tumeupa mgongo tunapanga viatu tu. Ndo ikawa hivo. Nikampigia mdogo wangu, yeye ni turniboi, msaidizi wa dereva wa malori, kule Malaba tulikokulia, nikamwambia tafuta siku nne, akasema mlima? na miguu? nikamwambia na miguu.

Nilikagua lebo ya zile slipingi begi, manake mimi ni mtu wa lebo, ndo biashara yangu. Kulikuwa na namba tatu: 13, 9, na -4. Mimi nikaona hiyo ya mwisho nikafurahi, nikasema kama kitu kinavumilia hadi digrii nne chini ya sifuri basi huu mlima wetu Elgon ni mchezo. Ikumbuke hiyo -4, tutaikuta mbele.

Sasa Elgon upande wetu wa Uganda ndo kuna kilele chenyewe cha juu, Wagagai, mita 4,321. Njia iliyo karibu na Mbale inaanzia Budadiri, unaenda pale kwenye ofisi ya Uganda Wildlife Authority unalipa, unapewa renja mwenye bunduki, mtu wa kuongoza njia, na mapota, wabeba mizigo, kama unawataka, na kama umri wako ni kama wangu na kazi yako ni kukaa nyuma ya meza, unawataka. Mtu wa kuongoza njia watu wanamwita gaidi kama Kiingereza kinavyotamka, mdogo wangu akamwita hivo kwa sauti mbele ya afande, sisi wa Kiswahili tukabaki tunaangaliana. Afande akacheka, akasema huyu si wa aina hiyo. Baada ya hapo tukamwita kaka tu.

Kwenye karatasi plani ilikuwa rahisi. Siku ya kwanza Budadiri mpaka kambi ya mto Sasa, siku ya pili pango la Mude, siku ya tatu Wagagai, halafu kushuka. Nilisoma hiyo plani mara nyingi lakini kitu ambacho sikukisoma ni kwamba Budadiri iko kama mita 1,250 na Sasa iko 2,900. Yaani siku moja, kwa miguu, mnapanda mita 1,650. Mnapita kwenye mashamba ya kahawa na migomba, watoto wanawasindikiza wanacheka, baadaye mnafika kwenye kuta za mawe za Mudangi ambako mnapanda kwa ngazi, mimi nilipanda nimefumba macho mtu anashika kisigino changu ananiambia weka hapa mama, weka hapa, halafu msitu, halafu mianzi. Mianzi ni mizuri jamani. Lakini ilivyokuwa inatunyeshea matone baridi shingoni saa zote, hata mvua ilipokuwa imeisha, nilianza kuelewa kwamba huku juu vitu havikauki.

Tulifika jioni tumechoka hata ya kuongea hakuna. Kambi ni ndogo, ni sehemu ya nyasi kwenye bonde, miti pembeni, mto uko hapo hapo. Usifikirie mto kama Manafwa, ni mto mwembamba wa mawe, maji meupe yanakimbia, mtu anaweza kuruka mawe akavuka bila kulowa. Hakuna umeme, hakuna bomba, simu imekufa zamani. Mdogo wangu akauliza tumefika wapi, kaka akajibu Sasa, mdogo wangu akasema ndiyo, sasa, lakini wapi? Tulicheka mpaka nikakaa chini.

Na mimi nikautaka mto. Hapo ndo kosa langu lilipo na sitaki kulisukumia mtu. Wale mapota waliweka vitu vyao juu kidogo, kwenye mwinuko chini ya miti, mimi nikasema hapana, sikutoka Mbale kelele za boda usiku na mchana nije nilale mbali na maji, nataka kulala nasikia mto. Nikachagua pale chini kabisa, nyasi laini sawasawa kama kapeti, hatua kama nne kutoka majini. Mzee mmoja kati ya mapota, mtu wa maneno machache, akaja akasimama akaangalia hema langu, akaniuliza, "Mama, mto utakuruhusu ulale?" Nikadhani ni utani wa kizee. Nikamjibu utanibembeleza, mzee. Akaenda zake.

Mimi na jirani yangu tukalala kwenye lile hema la belo, mdogo wangu alikuwa ameazima kahema kake kadogo kwa rafiki, akakapiga hatua sita hivi kutoka kwetu. Kabla ya kulala alitoa kichupa cha waragi, pombe kali, akasema hii ndo blanketi ya wanaume. Sikumkataza. Na mimi nilionja.

Kuhusu usiku ule nitasema polepole kwa sababu ndo sababu ya kuandika haya yote.

Kwanza hema. Lile hema juu lilikuwa neti tupu, mimi nilidhani ni staili, kumbe hema za namna ile zinakuja na kifuniko chake cha juu cha mvua, na kifuniko kilibaki huko Ulaya au kilikuwa kwenye belo la mtu mwingine. Kwa hiyo tulikuwa tumelala ndani ya chandarua. Tulitupia turubai la belo juu kwa haraka, ikawa pumzi zetu zinapanda zinagonga turubai zinageuka maji yanatudondokea usoni. Pili baridi, na si ya juu, ni ya chini. Nilivaa sweta mbili na jaketi na soksi mbili, lakini chini yangu kulikuwa na mkeka tu, na ukilalia slipingi begi ile sehemu ya mgongo inabanwa inakuwa bapa kama shuka, joto lote linanyonywa na udongo. Nikigeuka ubavu, ubavu unaganda. Kufika saa nane usiku nilikuwa nimekaa nimekumbatia magoti, nasema sala zote ninazozijua, na zile nisizozijua.

Na mto. Ule mto mchana ulikuwa unanong'ona, usiku ukawa lori. Si kwamba uliongezeka, ni kwamba kila kitu kingine kilinyamaza ukabaki wenyewe. Jirani yangu alikuwa ananisemesha tuko pua kwa pua, nikawa nasema nini? nini? Tukaacha kuongea.

Asubuhi nikatoka, nikamkuta mdogo wangu amekaa nje ya kahema kake, amejifunga kitambaa kichwani, macho mekundu, pembeni ametapika. Nikaanza kumfokea, si nilikwambia hiyo waragi, wakati sikumwambia kitu. Akaniacha nimalize. Halafu akaniambia, "Dada, nilikuita. Nimekuita sana usiku."

Hatua sita. Aliniita kutoka hatua sita na mimi nilikuwa macho, sijalala hata dakika, na sikusikia hata sauti. Nilikuwa nimeomba nilale nasikia mto na nikapewa nilichoomba, nikasikia mto tu. Mpaka leo nikikumbuka vile alivyosema, bila hasira, kama anatoa taarifa, nasikia kitu hapa kooni.

Kaka wetu wa njia akaja akamuuliza maswali, kichwa kinauma wapi, umekula, unaona vizuri, hebu tembea mstari ulionyooka tuone. Akatueleza kwamba ukipanda sana kwa siku moja mwili haujazoea hewa nyepesi, kichwa kinauma, chakula hakikai, usingizi unakuwa wa kuvunjikavunjika, na mbaya ni kwamba inafanana kabisa na hangova ya pombe, kwa hiyo mtu aliyekunywa hujui unatibu kitu gani. Na waragi inakudanganya joto, unasikia moto kwa sababu damu inakimbilia kwenye ngozi, na ikifika kwenye ngozi ndo inapoteza joto lenyewe. Akasema leo hatupandi. Tunakaa hapa hapa, anapumzika, anakunywa maji, kichwa kikitulia tutaona, kisipotulia au akianza kuyumba tunashuka hata kama ni usiku, hakuna kubishana. Mdogo wangu akataka kubishana. Afande akamwangalia, yakaisha.

Kwa hiyo siku ya pili badala ya Mude tukahamisha hema. Yule mzee hakusema neno la nilikwambia, alichukua tu kamba akaanza kuninyooshea mkono huku na huku. Akanionyesha zile nyasi laini nilizozipenda: angalia zinavyolala, zote zinaelekea upande mmoja, na huku kuna vijiti vimekwama kwenye kichaka, unafikiri nani aliviweka? Mto. Yaani nilikuwa nimelala kwenye kitanda chake. Akasema baridi nayo inateremka kama maji, usiku inatoka juu inajaa bondeni, ukipanda hata mwinuko mdogo unaikwepa. Tulipanda labda hatua arobaini. Akaangalia juu kwanza, matawi, kama kuna lililokauka linaweza kuangukia hema, hicho kitu mimi nisingekiwaza hata ningeishi huko mwaka. Turubai tukalifunga juu mbali na neti ili hewa ipite katikati, na chini tukatandika magunia matupu ya mapota na majaketi yote ya ziada. Nilikuwa nimebeba majaketi manne ya kuvaa, mawili nikayalalia. Niliyoyalalia ndo yalinisaidia zaidi kuliko niliyoyavaa.

Halafu kuna stori ya maharage, hii ni ya jirani yangu lakini ataniruhusu. Sisi tulibeba chakula cha mjini, maharage makavu kilo mbili. Akayabandika saa nne asubuhi. Saa saba yanagonga meno. Saa tisa yanagonga. Moto ni mkali, maji yanatokota yanaruka, maharage yako vile vile kama yametoka dukani. Kumbe pale juu maji yanachemka yakiwa na digrii kama 90 tu, si 100 kama wanavyofundisha shule, na uongeze kuni utakavyo hayapandi hapo, yanageuka mvuke tu. Mapota wao walisonga posho yao, ugali wa mahindi, wakachemsha malewa, machipukizi ya mianzi, ya kukaushwa kwa moshi na karanga ya kusaga, na mukene kidogo, wale dagaa, wakatuangalia tunavyopuliza moto, mwishoni wakatuonea huruma wakatugawia. Malewa nimekula maisha yangu yote lakini kuyala huku mianzi yenyewe iko kule chini unaiona, hiyo ni habari nyingine. Yale maharage jirani yangu akakataa kuyamwaga, akasema yakilala kwenye maji yatalainika, akaenda kuitegesha sufuria pembeni ya mto na jiwe juu ya mfuniko.

Yeye huyo huyo ndo aliyekunywa maji ya mto bila kuchemsha. Sisi tulikuwa tunachemsha, na kaka alisema kwa urefu ule yaache yatokote dakika tatu, siyo moja. Lakini jirani akasema maji yanatoka kwa Mungu moja kwa moja, juu yetu hakuna mtu, nani ayachafue? Juu yetu kulikuwa na mbega, na nyati wanapita, na watu pia, manake njia ya Wagagai si inaendelea huko huko juu. Na tuseme ukweli, sisi wenyewe usiku wa kwanza nani alienda mbali kujisaidia na lile giza? Mzee ndo aliyetupimia siku ya pili, hatua mia kutoka mtoni kama hutumii shimo la choo, unachimba kina cha kiganja na zaidi, unafukia, na karatasi unarudi nayo kwenye kavera, mfuko wa plastiki. Jirani alisema hilo la karatasi hawezi. Mpaka siku ya mwisho akawa anaweza.

Mdogo wangu alilala mchana kutwa, alikunywa chai ya tangawizi, jioni akaomba posho. Nikajua amerudi.

Usiku wa pili hapakunyesha pale tulipo, labda manyunyu. Tulisikia ngurumo mbali juu, kaka akasema hiyo iko upande wa kilele. Tulikuwa tumekubaliana kitu na mdogo wangu: kila nikiamka naita "Upo?" na yeye anajibu "Nipo." Juu pale mto ulikuwa umebaki sauti ya kawaida, unasikia na vitu vingine, hata perere. Usiombe kusikia perere mara ya kwanza usiku bila kuambiwa, ni kamnyama kadogo kama sungura kanakaa kwenye miti lakini kinavyolia unadhani mtu ananyongwa polepole. Jirani yangu alinishika mkono akasema hiyo ni nini, nikasema ni mdogo wangu ameota, nikaita "Upo?" akajibu "Nipo, na siyo mimi."

Alfajiri tukashuka kuchota maji, tukakuta mto una rangi ya chai ya maziwa na umejaa mpaka pale hema letu lilipokuwa. Si mafuriko ya kutisha, goti tu pengine, lakini ulikuwa unapita juu ya nyasi zangu laini taratibu kama mwenye nyumba amerudi kwake. Mvua ilinyesha juu, sisi tukiwa wakavu. Sufuria ya maharage haikuwepo, wala jiwe, wala ndala zangu nilizoziacha kwenye ukingo. Jirani alisimama akaangalia maji kwa muda mrefu halafu akasema, basi yatalainika mbele ya safari.

Siku ya tatu kichwa cha mdogo wangu kilikuwa kimepona lakini siku hazikutosha tena kwa kilele na kurudi, hesabu ilikataa. Kaka akatupandisha mwendo wa taratibu masaa mawili hivi kuelekea Mude, mpaka miti ikaanza kuwa mifupi na yenye ndevu za kijivu, ukungu ukaja ukafunga kila kitu, tukala chapati zilizoganda tukarudi. Wagagai hatukuiona hata kwa macho. Kuna kundi la vijana wa Kampala walitupita siku hiyo wanapanda, wakatuuliza mmetoka juu? Mdogo wangu akajibu tumetoka Sasa. Wakasema hongera.

Usiku wa tatu nililala. Sina la kuongeza hapo, nililala kama mtoto, mzee alinipa kajerikeni ka lita tatu kale ka mafuta ya kupikia amekajaza maji ya moto, nikakafunga kwenye sweta nikakaweka miguuni, mpaka asubuhi kalikuwa bado na uvuguvugu na yale maji nikanawia uso. Nimetafuta vitu vya gharama kwenye mabelo miaka kumi na moja na sijaona kitu kinashinda kajerikeni kale.

Tulishuka siku ya nne magoti yanalia. Jirani yangu alikuwa mzima, anatucheka. Siku ya tisa baada ya kurudi tumbo likamshika, akasema ni kikomando, chapati na maharage, alichokula stendi, akanywa dawa ya minyoo, haikusaidia, wiki ya pili gesi na kuharisha na mwili unaisha, akaenda kliniki wakampima choo wakakuta giardia. Inaweza kukaa wiki moja mpaka tatu kabla haijajionyesha, ndo maana mtu anamlaumu muuza chapati. Alikunywa dawa akapona. Yule kijana wa kikomando, jirani hajamuomba msamaha mpaka leo.

Na lebo. Nilikuja kuuliza mteja wangu mmoja anayejua hivi vitu, akanieleza: namba ya kwanza, 13, ndo digrii ambayo mwanamke wa kawaida analala vizuri. Ya pili, 9, ni ya mwanamume amejikunja. Ile -4 niliyoifurahia ni ya kutokufa, yaani mwanamke akikaa humo masaa sita anaweza kutoka hai, hawajasema atalala. Na yote hayo wanahesabu una godoro chini na umekauka.

Slipingi begi nimezirudisha mezani. Juzi akaja kijana amebeba begi kubwa la mgongoni, jipya, akaichukua ile ya bluu akasoma lebo, akaweka kidole kwenye -4 akatabasamu, akaniuliza bei. Nikamuuliza unaenda wapi nayo. Akasema Wagagai, Jumamosi. Nikaitoa mkononi mwake nikaikunja, nikamwambia hiyo imeshachukuliwa, kuna mama ameiwekea mtoto wa boding, lakini njoo nikuonyeshe mablanketi mazito ya sufu, na una kajerikeni? Akaniangalia kama nina wazimu akaenda meza ya tatu, na kule najua wanazo mbili, za belo lile lile.